Sikuwepo baba alipozikwa, sasa ukoo unataka kupasua kifo

Bibi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Walukuba, hapa Jinja. Nina miaka 34. Baba alikuwa Muganda wa Butambala, mama ni Mnubi wa Bombo, na sisi watoto tulikulia kwenye nyumba za wafanyakazi ambako Kiswahili ndicho kilichotupatanisha na majirani, wawe Wajaluo, Walugbara au Wasoga. Kwa hiyo hata nyumbani kwetu mila haikuwa moja. Baba mwenyewe alikuwa akisema mila zake ziko Butambala, zitamsubiri.

Zilimsubiri kweli. Alifariki mwaka jana katikati ya Ramadhani. Mimi nilikuwa kyeyo, yaani kibarua cha ughaibuni, Riyadh, kazi za ndani. Mama mwenye nyumba alikuwa akituchukulia simu na kuturudishia Ijumaa usiku. Baba alikata roho Jumapili saa nane usiku, akazikwa siku hiyohiyo baada ya alasiri. Mimi habari niliipata Ijumaa, nimekalia ndoo jikoni, jumbe 32 zikaingia kwa mkupuo. Wa kwanza niliousoma ulikuwa wa mtu anayenipa pole, na sikujua ni pole ya nini.

Nilirudi miezi saba baadaye, mkataba ulipokwisha. Kila mtu alikuwa ameshalia akamaliza. Mama ametoka eda, viti vimerudishwa mahali pake, nguo za baba zimegawiwa. Nilikuwa nimemnunulia kanzu kule, nyeupe, ya kola ya kusimama. Mpaka leo iko kwenye mfuko wake wa plastiki, sijaitoa.

Sasa wazee wa ukoo wamepanga okwabya olumbe mwezi ujao, ile sherehe ya Waganda ya kufunga msiba na kumvika mrithi. Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Shangazi yangu amemwota baba mara tatu, amesimama mlangoni na shati lake la kazini, hana pa kukaa, haingii wala haondoki. Kwake tafsiri ni moja tu: roho ya kaka yake haijavuka, inangoja sherehe na mbugo, ile nguo ya gome la mti. Kaka yangu mkubwa, aliyesoma dini nje miaka sita, anasema huo ni ushirikina, maiti hana haja na gome la mti, na hata khitima haimfikii. Hatakuja, na chakula hatakigusa. Mdogo wetu wa kiume hasemi kitu, kwa sababu yeye ndiye anayetajwa kuwa mrithi, na ameshaanza kuuliza hati ya kiwanja iko wapi.

Mimi nimeletewa bajeti, kwa kuwa nimetoka Arabuni. Ng'ombe, mahema matatu, viti 300, matooke, mchele, spika, kanzu za wazee. Jumla shilingi milioni 6 na laki 4. Nilichorudi nacho chote ni milioni 9. Siku hiyohiyo alikuja mzee mmoja wa hapa Walukuba, fundi wa baiskeli, na daftari lake mkononi. Anasema baba alikopa kwake shilingi 380,000 za mabati. Wakamwambia asubiri, sherehe kwanza.

Swali langu: sherehe hii ina faida gani kwa roho ya baba? Kama inamvusha, nitatoa hata hizo 9 zote. Kama haimvushi, natoa ya nini?

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Mimi naitaka hiyo sherehe. Kaka akieleza ubaya wake namwona ana haki, kisha nikilala nawaza yale mahema, moyo unatulia. Naona aibu, kama mtu anayetaka msiba urudi ili na yeye awepo.

Binti wa Walukuba

*

Marahaba, mjukuu wangu. Pole ya baba, na pole ya ile ndoo ya jikoni. Hapo pa ujumbe wa kwanza nimeparudia mara nne.

Nianze na mzee wa daftari, maana katika barua yako nzima ni yeye peke yake aliyekuja na jambo linalomgusa marehemu bila ubishi. Shangazi kaja na ndoto, kaka kaja na hoja, wazee wamekuja na bajeti. Yeye kaja na deni la mabati. Na wamemwambia asubiri! Dini yetu haina fumbo hapo. Mtume (s.a.w.) akiletewa jeneza alikuwa akiuliza kwanza: ana deni? Siku moja akaambiwa huyu anadaiwa dinari kadhaa na hakuacha cha kulipia. Akawaambia wenziwe wamsalie wao, mpaka Abu Qatada aliposema, deni lake liko juu yangu, ndipo naye akamsalia. Katika Tirmidhi imo hadithi kwamba nafsi ya muumini imening'inia kwa deni lake mpaka lilipwe. Na Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, kila ikitaja mafungu ya mirathi inarudia maneno yaleyale: baada ya wasia au deni.

Kwa hiyo kama kuna kitu kinachomsimamisha baba yako mlangoni na shati la kazini, mimi ningekitafuta kwenye daftari la fundi baiskeli kabla sijakitafuta kwenye mbugo. Mwambie shangazi yako hivyo, kwa adabu. Huenda ndoto yake ni ya kweli, na aliyeteleza ni mfasiri. Daftari lisomwe mbele ya watu wawili wazima, mashahidi waulizwe, deni lilipwe kutoka mali ya marehemu. Mali ikiwa imekwama kwa ajili ya hati na nini, toa wewe, udai baadaye. Nimekadiria: ni pungufu ya mahema na viti.

Mengine yanayomfikia maiti kaka yako anayajua kuliko mimi: sadaka yenye kuendelea, elimu aliyoiacha ikawafaa watu, na mtoto mwema anayemwombea. Kwenye khitima ndiko wanachuoni walikohitilafiana tangu kale. Wengi wetu Uganda ni Mashafii, na kauli mashuhuri ya Shafii ni kwamba thawabu za kisomo hazimfikii maiti, wakati wafuasi wake wengi wa baadaye wamesema zinafika. Basi kaka yako akikuambia hazifiki, hajazusha. Na shehe wa Butambala akisoma, naye hajazusha. Kwenye dua yenyewe hakuna anayebisha.

Sasa sherehe. Umeniuliza kama inamvusha baba. Mimi siamini hivyo. Sidhani Mwenyezi Mungu anangoja mahema matatu na spika ndipo amfungulie mja wake. Na angekuwa anangoja, maskini wote wa Uganda wangekuwa wamesimama milangoni.

Lakini usimpigie kaka yako simu bado. Wasikilize Waganda wenyewe wanavyoliita jambo lao. Okwabya ni kupasua. Olumbe ni kifo. Hawakusema kumsindikiza marehemu, hawakusema kuvusha roho. Na asili ya neno unaijua kama ulikaa na bibi yako wa Butambala jioni hata moja. Nnambi aliposhuka na Kintu kutoka kwa baba yake Ggulu, waliambiwa waondoke alfajiri na wasirudi nyuma kwa lolote, kaka yake Walumbe asije akajua. Njiani Nnambi akakumbuka ulezi wa kuku wake. Akarudi kuuchukua. Walumbe akamfuata, akakaa nao, na watoto wakaanza kufa. Kayikuzi, kaka mwingine, akatumwa kuja kumkamata. Watu wakaambiwa wasipige kelele siku hiyo, wakajifungia ndani, lakini kuna watoto waliotoka kuchunga mbuzi, wakamwona Walumbe, wakapiga yowe, akazama ardhini. Mashimo yake wanayaonyesha mpaka leo kule Ttanda, upande wa Mityana.

Kwa hiyo katika lugha yao wenyewe, anayefukuzwa siku ile si marehemu. Ni mjomba wa watoto, Walumbe, aliyekuja bila kualikwa na kukaa ndani ya nyumba. Baba yako alikwisha kuondoka. Kifo ndicho kilichobaki kinakula nanyi, na kinahitaji kuambiwa kwa sauti kwamba imetosha. Ukilielewa hivyo, ugomvi wa shangazi na kaka unapungua nusu, kwa sababu wote wawili wanabishana juu ya marehemu, na sherehe inawahusu walio hai.

Nawe ni mmoja wao, na safari ya roho si ya waliokufa peke yao.

Mimi ni Mmasaba, nimezaliwa chini ya Mlima Elgon. Kwetu kila mwaka unaogawika kwa mbili ni mwaka wa imbalu, tohara ya vijana wetu, na wageni huja kutazama kisu. Kisu ni kitu cha kufumba na kufumbua, ukigeuka kumjibu mtu umekikosa. Kazi kubwa iko kabla na baada. Kijana anacheza miezi, njuga miguuni, anatembelea wajomba na mashangazi mmoja mmoja, anaaga utoto wake kijiji kwa kijiji. Anapakwa unga wa ulezi uliokorogwa, anapakwa tope. Nilipokuwa na miaka tisa ilikuwa zamu ya kaka yangu. Alisimama vizuri, hakupepesa jicho, mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Kilichonibakia mimi ni siku zilizofuata. Aliyetahiriwa hashiki chakula kwa mkono wake mpaka mkataji arudi kumnawisha. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumlisha. Posho na maharage, tonge moja moja, kijana mwenye ndevu anafungua kinywa kama kinda la njiwa, ananitazama kwa hasira. Nikimcheka ananiahidi kipigo.

Kisha yule mzee mkataji akaja, wakammwagia maji mikononi, akaelezwa mambo ya wanaume ambayo sisi wasichana tulifukuzwa tusisikie. Jioni ile kaka alikata tonge mwenyewe. Sijui aliambiwa nini. Nilichokiona ni kwamba hakunipiga kile kipigo, wala hakuwahi kunipiga tena. Kuanzia siku ile alinisemesha kama mtu anayejua atakuja kunisimamia harusi.

Nimekueleza kirefu kwa sababu ndani yake mna jibu lako. Moyo wa binadamu haupokei taarifa. Unapokea kilichofanywa na mkono. Kaka yangu angeweza kuambiwa siku yoyote kwamba sasa ni mtu mzima. Angejibu ndiyo, halafu angeendelea kunipiga. Ilibidi mikono inyimwe chakula kisha irudishiwe. Tazama na dini yetu ilivyofanya kwenye kifo: maiti anaoshwa, anavikwa sanda, anasaliwa watu wakiwa wamesimama, wanaume wanatupa mchanga kwa viganja. Mama yako akapewa eda, miezi 4 na siku 10, ndani ya nguo zisizo na mapambo, na kila siku mwili wake ukiambiwa: huyu hayupo, huyu hayupo, mpaka siku ya kutoka. Na wewe ulipewa nini? Vyombo vya kuosha. Ulipewa ujumbe 32 na siku ya pili ukapiga pasi shuka za watu.

Kwa hiyo hiyo aibu unayoiona, iondoe. Hutaki msiba urudi. Wewe msiba haujakufikia bado, kilichokufikia ni simu. Unapowaza mahema na moyo ukatulia, ni kwa sababu unawaza mahali ambapo utasimama katikati ya watu wako na mikono yako itakuwa na kazi.

Waacholi wanalijua hili kuliko sote. Mtu aliyekaa mbali na nyumbani kwa muda mrefu, akirudi haingii tu na kutundika mfuko wake. Anawekewa yai bichi mlangoni, pamoja na kijiti cha mti wa opobo na kile kipande cha mti wanachokiita layibi, wanachoinulia paa la ghala. Analikanyaga yai kwa mguu, linapasuka, ndipo anaingia. Wanaiita nyono tong gweno. Vita vya kaskazini vilipopungua, waliorudi kutoka msituni walikanyaga mayai kwa maelfu, wengine ni watoto walioibwa wakiwa na miaka kumi. Yai halifuti kitu. Kila aliyekuwepo aliyajua yaliyotokea. Lakini kabla ya yai kijana yule alikuwa mgeni anayeogopwa ndani ya boma la baba yake, na baada ya yai kuna mtu alimletea kigoda. Na zamani, kabla ya vita hivyo, walilifanya hata kwa aliyekwenda tu kutafuta kazi mbali. Nikisoma barua yako nilijisemea, huyu binti wa kyeyo hakuna aliyemwekea yai. Sikutumi ukavunje mayai Butambala, wazee watakushangaa. Nakuonyesha tu kwamba njaa yako ina jina katika nchi hii.

Sasa kaka. Usimfanye adui. Anachokiogopa kipo. Ziko sherehe ambako usiku unaingia na pombe, vijana wanapotelea migombani, na mtu anapandisha mizimu mbele ya shehe aliyeketi kimya kwa sababu amelipwa nauli. Hizo hata mimi siendi. Na kukataa chakula kwa ajili ya dini si jambo lililoanza na yeye: mwaka 1876 vijana Waislamu wa ikulu ya Kabaka Muteesa I, mfalme wa Buganda, waliuawa, na mojawapo ya makosa yao ilikuwa kuikataa nyama iliyochinjwa na asiyetahiriwa. Mtu wa namna hiyo humshindi kwa kumwambia ni mila tu.

Mwulize swali moja, kwa upole: kaka, kipi hasa ni haramu? Akitaja pombe, iondoke. Akitaja kuomba wasioombwa, iondoke. Akitaja mkesha, sherehe ifanywe mchana. Akifika kwenye mbugo, mpeleke Mawokota si mbali na kwenu, kwa watu wa ukoo wa Ngonge ambao ufundi huo ni wao. Atamwona mzee anabandua gome la mutuba kwa kipande cha mgomba asiuumize mti, kisha anauvika ule mti majani ya migomba, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, ili uote gome jingine. Gome lenyewe linapigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka linatanuka na kuwa laini, rangi ya udongo. Ni nguo, mjukuu wangu. Ilivaliwa kabla mfanyabiashara Mwarabu Ahmed bin Ibrahim hajaingia ikulu ya Kabaka Suuna mwaka 1844 na habari za Uislamu na nguo za pwani. Mrithi akivikwa nguo ya mababu zake huku shehe anaomba dua, mimi sioni mungu wa pili hapo. Kaka yako akiendelea kumwona, basi mwache asisimame sehemu ile, akae nje, arudi kwenye dua.

Na mpe kazi ambayo hawezi kuikataa. Mpe madeni. Yeye ndiye asimame mbele ya ukoo wote, na kipaza sauti, aseme: baba yetu ameondoka, anayemdai aje kwangu leo, na aliyemkosea baba au aliyekosewa na baba aseme leo tusameheane. Ataisema vizuri kuliko mwingine yeyote kwa sababu anaiamini. Sherehe ikianza hivyo, na mzee wa baiskeli ameketi mstari wa mbele na risiti yake mfukoni, hata shangazi atalala usingizi.

Mdogo wenu anayeulizia hati, mkalisheni chini kabla ya siku yenyewe. Omusika, yaani mrithi wa kimila, anarithi kigoda cha marehemu, jina lake, na karo za shule za watoto wa watu. Kiwanja ni habari nyingine. Hata sheria ya nchi, pale palipo na mjane na watoto na hakuna wasia, humpa mrithi wa kimila asilimia 1 tu ya mali. Akishaisikia asilimia 1, mtajua kama bado anautaka mkuki wa omusika.

Fedha. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Milioni 6 hutoi. Mila yenyewe haisemi mmoja abebe wote. Inasema kila anayekuja aje na mabugo. Zamani zilikuwa mbugo kwelikweli, za kumzika maiti, leo ni noti ndani ya bahasha, lakini maana ni ileile, kwamba ukoo mzima unamfunika mtu wao. Wakikuachia wewe pekee kwa sababu umetoka Arabuni, wao ndio wanaovunja mila, na unaweza kuwaambia hivyo ukiwa umepiga magoti kama Muganda mwema. Tena alipouawa Jafar bin Abi Talib, Mtume alisema, watengenezeeni chakula watu wa Jafar, wamefikwa na jambo linalowashughulisha. Chakula kilikwenda kwa wafiwa, hakikutoka kwao. Toa laki zako tano, au milioni ukiona moyo unataka, na uiseme mapema kabla hawajaenda kumtazama ng'ombe. Zilizobaki ni miaka yako ya kuosha vyombo. Baba yako angekuwa hai angekutuma nazo benki.

Ombeni viti 100. Watakaokaa chini ya mwembe wakae.

Halafu liko jambo lako wewe, ambalo si la ukoo. Fika Butambala siku mbili kabla. Usije na wageni kwenye taksi ya asubuhi ukaanza kupokea salamu. Nenda kaburini na mama yako, au peke yako akikubali, ung'oe nyasi kwa mikono, umwombee, umweleze habari zako za Riyadh kama unavyotaka kumweleza. Kisha ingia jikoni. Usikubali kuwa mgeni wa heshima anayeketi na wenye fedha. Menya matooke, funga kwa majani, kaa kwenye moshi na wanawake wa ukoo wenu waliolia bila wewe. Watakupa habari zote, nani alizimia, nani alichelewa, mvua ilinyesha saa ngapi. Msikilize kila mmoja, hata wakisema yaleyale. Na ukilia mbele yao miezi mingi baada ya wao kumaliza, hakuna atakayeshangaa. Jikoni siku ya olumbe kuna moshi wa kutosha.

Umesema nguo za baba zimegawiwa na kanzu yako imebaki kwenye mfuko. Katika wanaume walioingia kumwosha baba yako, kuna mmoja aliyeshika kichwa. Waulize, watakutajia, siku zote yuko mzee mmoja ambaye kijiji kinamwita kwa kazi hiyo. Mtafute. Mwambie wewe ni binti aliyekuwa mbali, na unaomba akusimulie jinsi ilivyokuwa tangu walipofunga mlango: maji yalikuwa ya vuguvugu au baridi, walianza na upande gani, uso ulikuwaje, nani alifunga sanda. Si desturi kuulizwa, huenda akasita, na akiona kitu ambacho dini inamtaka akifiche atakificha. Mwache aseme anachoweza. Usimkatize.

Akimaliza, mpe hiyo kanzu. Ila mtazame kwanza urefu wake, maana za Saudia huwa ndefu, na wazee wa Butambala hawapendi kanzu inayofagia vumbi. Uende na uzi na sindano.